Jina la Mtoto wa Kalunde

Hapo zamani, lakini zamani ya juzi tu, simu zilipokuwa zimeshajaa mikononi mwa watu, alikuwapo binti mmoja mjini Sikonge, jina lake Kalunde. Kaeni vizuri mnisikilize, wala msisinzie, maana hadithi hii mimi ninao mwanzo wake na katikati yake. Mwisho wake mnao ninyi.

Kalunde alilelewa na Bibi Nyamizi, mama mzazi wa baba yake. Baba mwenyewe, Mzee Kasubi, alikuwa mrina asali. Aliweza kukaa msimu mzima katika msitu wa Ipole, akitundika mizinga na kurina, asionekane nyumbani hata kivuli chake. Na msitu huo ndio uliomgombanisha na mama yake. Babu alipofariki, Kasubi alikuwa huko porini, hana habari. Waliotumwa kumtafuta walikuta majivu ya moto wake yamepoa. Babu akazikwa, matanga yakaondolewa, na siku ile watu wanafagia uwanja, Kasubi akatokea njiani anapiga mluzi, baiskeli yake imejaa ndoo za asali. Bibi Nyamizi akamtazama yeye, akazitazama ndoo, akasema, "Asali yako imekuwa tamu kuliko baba yako."

Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Kalunde alikuwa mdogo siku hiyo. Akakua, akasoma, akamaliza, akajifunza kushona, na bibi bado hajamsemesha baba. Baba akija, bibi anageukia ukuta. Baba akituma salamu, salamu zinarudi kama zilivyokwenda. Kalunde alikuwa kama mtu aliyeshika kamba huku na huku, na kila upande unavuta.

Basi mwaka mmoja Kalunde akaposwa. Wa kwanza kuja alikuwa Nkwabi, kijana wa pale pale Sikonge, mwendesha bodaboda, yatima asiye na baba wala mama. Kalunde akamkataa kwa maneno mazuri, Nkwabi akayapokea kwa heshima. Wa pili alikuwa Mihayo, kijana wa Mpanda mwenye duka la vipuri vya baiskeli, na huyu moyo wa Kalunde ulimwitikia kabla mdomo haujafunguka. Mahari ikapokelewa, harusi ikapangwa iwe Jumamosi moja ya mwezi wa kumi.

Wiki chache kabla ya harusi, Mzee Kasubi akaanguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga. Nyonga ikavunjika. Akapelekwa hospitali Tabora, na kwa bahati njema ikawa inakuja kambi ya madaktari bingwa ambao wangeweza kumpasua na kumfunga vyuma akatembea tena; asipopasuliwa, angelala kitandani mpaka kifo. Lakini kambi hiyo ilikuwa ifungwe Jumapili, siku inayofuata harusi ya binti yake. Na Kasubi akagoma kupasuliwa.

Kalunde alikwenda kumbembeleza. Baba yake akamwambia harusi isiahirishwe hata kwa siku moja. Ama kuhusu kisu, alisema hivi: "Sitalala juu ya meza ile na mama yangu hajanisemesha. Nikifia pale, nitakuwa nimekufa bila mama." Kalunde akamwambia huenda bibi ameshasamehe. Kasubi akacheka kicheko kibaya. Alikwisha kuletewa maneno hayo mara nyingi na watu wenye nia njema, kila mara akaja mbio, kila mara akakuta ukuta. "Sitaki kuambiwa tena," akasema. "Nitaamini siku nitakayouona mdomo wake mwenyewe unatamka."

Kalunde akarudi Sikonge kichwa kinawaka moto. Bibi Nyamizi miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, safari ya Tabora haiwezi. Simu hasikii, masikio yameziba. Bibi haendi kwa baba, baba haji kwa bibi. Ndipo wazo likamjia: harusi ichukuliwe video. Si video ya simu. Walikwisha kuona harusi ya binamu yake iliyochukuliwa kwa simu: bwana harusi hana kichwa, bibi harusi ana kidole gumba cha mpigaji usoni, na nasaha za wazee zimemezwa na muziki. Kalunde alitaka mpiga video hasa, mtu wa kazi hiyo, ili baba aliyelala hospitali aonyeshwe harusi ya binti yake, na aonyeshwe uso wa bibi. Zaidi ya hapo alikuwa anaomba tu, wala hakuthubutu kumwambia mtu alichokuwa anaomba.

Kamati ya harusi ikamsikiliza, ikatikisa kichwa. Wajumbe walisema fungu lililobaki ni la ng'ombe wa pili, na watu wanaotoka Mpanda wakilala na njaa, aibu hiyo haifutwi na video yoyote. Ikawa ama ng'ombe, ama mpiga video.

Palikuwa na shangazi mmoja katika kikao hicho, Shangazi Kashindye, dada yake Kasubi. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, hakujaliwa mtoto. Alichokuwa nacho ni mtamba mmoja mwekundu aliyemlea mwenyewe tangu ndama, akimwita kwa jina, akizungumza naye asubuhi zaidi kuliko anavyozungumza na majirani. Shangazi hakubishana na kamati. Alinyanyuka, akatoka. Wakadhani amesusa. Baada ya kitambo wakasikia kwato uwanjani, na Shangazi akaingia na mtamba wake, kamba akaiweka mkononi mwa mwenyekiti. "Ng'ombe wenu huyu hapa," akasema. "Sasa mleteni mpiga video." Kisha akaondoka haraka, na Kalunde aliyemfuata alimkuta nyuma ya nyumba amejifunika kanga usoni.

Mpiga video akaletwa. Alikuwa mwanamke wa Tabora mjini, jina lake Veneranda, mtu wa maneno machache na macho mengi. Alifika siku kadhaa kabla ya harusi, jambo lililowashangaza watu. Akazunguka kanisani, akaangalia jua linaingilia dirisha gani. Akazunguka uwanjani, akauliza turubai litafunguka upande gani. Kisha akaketi na Kalunde, akamwuliza swali ambalo Kalunde hakuwahi kuulizwa. "Tuseme siku hiyo vitu vyote vinanipotea, nabaki na kimoja tu. Kipi kisinipotee?" Kalunde hakufikiri. Akajibu, "Bibi yangu."

Lakini Veneranda naye alikuwa na sharti. Jumamosi hiyo hiyo jioni, Editha, binti yake wa pekee, alikuwa anahitimu kidato cha nne Tabora, naye ndiye aliyechaguliwa kusoma risala mbele ya wazazi. Kwa hiyo Veneranda angepiga kanisani, angepiga maandamano, angepiga chakula na keki. Keki ikishakatwa, gari lililomleta limrudishe. Wakakubaliana hivyo.

Jumamosi ikafika. Jamani, siku ile. Tarumbeta zilianza asubuhi na kuamsha hata waliokuwa wamekwisha kuamka. Kalunde alivaa gauni alilolishona mwenyewe. Kanisani kwaya iliimba mpaka vioo vikaitikia. Veneranda alikuwa kila mahali na huwezi kumwona: mara amepiga magoti chini ya madhabahu, mara yuko juu ya kiti, mara anarudi kinyumenyume mbele ya maharusi bila kukanyaga mtu. Uwanjani alimfuata Bibi Nyamizi kitini pake, akamwamkia, akamwomba ruhusa, akambana kinasa sauti kidogo kwenye pindo la kanga, kama kifungo. Bibi akakishika, akauliza kama kinauma. Akaambiwa hakiumi. Akakizoea, akakisahau.

Watu wakala, wakashiba, wa Mpanda na wa Sikonge. Mtamba wa Shangazi aliwatosha wote, na Shangazi mwenyewe alikula wali mtupu. Wakacheza. Hata Nkwabi alikuja, yule aliyekataliwa. Alikaa nyuma, akapiga makofi, akasaidia kugawa maji. Keki ikakatwa. Na hapo ndipo kazi ya Veneranda ilipokwisha. Akaaga haraka, akachukua mikoba yake, akaelekea kwenye gari. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

Wakati huo huo wajomba wa Mihayo walikuwa langoni wanaleta zawadi yao: pikipiki mpya, imefungwa riboni na maputo, honi inalia. Uwanja mzima ukakimbilia langoni, na simu zao zote juu. Chini ya turubai wakabaki watu wachache, na Bibi Nyamizi kitini, na Kalunde aliyechoka miguu. Bibi akamwita kwa kidole. Kalunde akaenda, akasimama mbele yake.

Veneranda tayari alikuwa mguu mmoja ndani ya gari. Lakini alikuwa bado amevaa visikilizio masikioni, na kile kinasa sauti alikuwa amekisahau kwenye kanga ya bibi. Akasikia bibi anavuta pumzi. Akasikia bibi anasema, "Kalunde, piga magoti, mama." Akajua. Watu wa kazi ile hujua. Akatoa kamera, akarudi mbio, na dereva nyuma yake anapiga honi.

Bibi Nyamizi alishika mashavu ya mjukuu wake. Kalunde anasema mpaka leo anakumbuka ugumu wa viganja vile. Bibi akasema:

"Mume wako akichelewa njiani, mjukuu wangu, usimhukumu kabla hajashuka kwenye baiskeli. Mimi nilimhukumu mwanangu bado ameshika usukani." Kisha jina ambalo halikusikika kinywani mwake miaka yote ile likatoka. "Kasubi. Mwanangu Kasubi. Ulichelewa siku ile, na mimi nimechelewa kuliko wewe. Njoo nyumbani."

Kalunde akajiangusha mapajani mwa bibi akalia, na poda yote ikabaki kwenye kanga. Alipoinua uso alimwona Veneranda amesimama kando, kamera haitikisiki, machozi yanamtoka kimyakimya. Dereva alikuwa ameondoka, ana abiria wengine. Kijana mmoja alidai naye amechukua kwa simu; walipotazama, wakaona mgongo wa Veneranda na kusikia honi ya pikipiki. Wakamwomba bibi arudie, simu nazo zichukue. Bibi akakataa. "Neno kama hilo halisemwi mara mbili," akasema. "La pili ni maigizo, na mwanangu atalijua." Kwa hiyo neno lilibaki mahali pamoja tu chini ya jua, ndani ya kamera ya Veneranda.

Veneranda akaitia kamera mkobani, akauweka mkoba juu ya jamvi, akaenda pembeni kumpigia binti yake. Akapiga, akapiga tena. Huko Tabora risala ilikuwa imeshaanza kusomwa.

Na jamvi lile lilikuwa jamvi la mizigo ya watu wa Mpanda. Walikuja na lori dogo, Kanta, na walitaka kuondoka mapema, njia ya msituni ikiwa bado ina mwanga. Shangazi Kashindye ndiye aliyesimamia upakiaji, kwa sauti yake ile. Akapita, akaonyesha jamvi, akasema vyote hivyo ni vya Mpanda, pakieni. Vijana wakapakia: masufuria, vikapu, mito, mkoba. Kanta ikaondoka kwa vigelegele.

Veneranda aliporudi, jamvi lilikuwa tupu.

Sitawaeleza kilio cha Shangazi alipotambua alichokifanya. Wakapiga simu za watu wa Kanta, hakuna inayopatikana; ukishaingia msituni, mtandao unabaki Sikonge. Gari hakuna. Na Kalunde alijua kwamba Kanta ikifika Mpanda, mkoba utarudi Jumatatu, na madaktari watakuwa wameshakwenda zao. Akakaa chini na gauni lake jeupe, vumbi na yote, akahisi baba yake anamponyoka mikononi.

Ndipo wakasikia pikipiki inawaka.

Ile mpya, yenye riboni na maputo. Juu yake Nkwabi. Hakuomba, hakuaga, hakutazama nyuma. Ndugu za Mihayo waliobaki wakapaza sauti, mwizi, mwizi, wakamkimbiza hadi barabarani wakirusha viatu. Mihayo mwenyewe alisimama ameshika kiuno. Wengine wakasema kijana amelipiza kisasi cha kukataliwa. Lakini Kalunde moyoni alijua anakokwenda Nkwabi, na alianza kumwombea.

Mambo ya njiani wameyasimulia watu wa Kanta. Wanasema waliona nyuma yao vumbi, na ndani ya vumbi pikipiki, riboni zinapepea, maputo yanapasuka moja baada ya moja. Wakadhani ni upande wa bibi harusi wanawasindikiza. Wakashangilia. Nkwabi akapunga mkono wasimame, nao wakampungia. Akapiga honi, dereva akajibu kwa honi na kukanyaga mafuta, maana dereva yule alipenda mashindano. Wakaingia msituni hivyo, kanga wa porini wanaruka barabarani, kina mama nyuma ya Kanta wanaimba nyimbo za harusi, na Nkwabi nyuma yao anameza vumbi na kupiga kelele zisizosikika. Mbele kidogo njia inapanuka. Hapo akapita pembeni, akaipita Kanta, akakata kona mbele yake. Mchanga ukalikamata gurudumu. Pikipiki ikaenda kwake, Nkwabi akaenda kwake.

Kanta ilifunga breki karibu kabisa na kichwa chake. Mtulinga, mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika; mkono wa kushoto unaning'inia. Kitu cha kwanza alichouliza ni mkoba. Wakautafuta, wakaukuta ndani ya sufuria kubwa, umefunikwa kwa mto, hauna hata mkwaruzo. Wakamwambia apande waende naye Mpanda hospitali. Akakataa. Akawaomba wamfunge mkoba kifuani kwa kanga, wamwinulie pikipiki, wamwashie. Akarudi Sikonge kwa mkono mmoja, polepole, riboni moja tu imebaki. Jua lilikuwa linagusa miti alipoingia uwanjani. Wale waliomwita mwizi ndio waliompokea asianguke.

Asubuhi ya Jumapili, Kalunde, bibi harusi wa jana, alikuwa wodini Tabora pamoja na mume wake na Veneranda. Madaktari walikuwa wanafungasha. Veneranda akamvika Mzee Kasubi visikilizio, akamwekea kamera mbele ya macho, kioo kidogo kama kiganja. Kasubi akatazama uwanja, akatazama binti yake amepiga magoti. Kisha akauona mdomo wa mama yake. Kalunde alikuwa anamtazama baba, maana picha anaijua. Aliona midomo ya baba inaufuata mdomo wa bibi, neno kwa neno, na ilipofika kwenye jina lake mwenyewe, ikatulia. Akataka arudishiwe. Akarudishiwa. Akataka tena, na tena. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuulizana huyu mzee anacheka au analia. Mwisho akavua visikilizio, akamgeukia muuguzi. "Nipelekeni huko kwenye kisu," akasema. "Nina safari ya nyumbani."

Akapasuliwa, akapona. Miezi ilipopita akaingia uwanja wa mama yake kwa fimbo, mikono mitupu, na Bibi Nyamizi hakugeukia ukuta. Wawili hao walikaa barazani siku nzima, na yaliyosemwa pale ni yao.

Sasa sogeeni karibu, maana tunafika kwenye kazi yenu.

Kalunde akajifungua mtoto wa kike. Siku ya kumtoa nje ikafika, watu wakajaa, na Mzee Kasubi akasimama kwa fimbo yake. Akasema mtoto huyu asingewahi kubebwa na babu yake kama si mtu aliyemletea neno la mama yake. Kwa hiyo mtoto atapewa jina la huyo mtu, liwe urithi wake, aitwe hilo maisha yake yote. Watu wakashangilia. Kisha kila mmoja akajiuliza: huyo mtu ni nani?

Shangazi Kashindye akawa wa kwanza. Hakutumia sauti yake kubwa. Akasema yeye hana mtoto, na jina lake litazikwa naye. Alikuwa na kiumbe kimoja cha kuita asubuhi, akakitoa. "Bila mtamba wangu, hakuna mpiga video," akasema. "Bila mpiga video, hakuna neno. Mtoto aitwe Kashindye."

Watu wakaitikia, kweli. Lakini mtu akakumbusha kwamba Shangazi huyo huyo ndiye aliyepakia mkoba kwenye Kanta, na kama dunia ingefuata sauti yake, neno lingekuwa Mpanda na Kasubi kaburini.

Veneranda naye alikuwapo. Alialikwa kama mgeni, na siku hiyo hakubeba kamera. Akasema hajawahi kudai kitu kwa familia yoyote zaidi ya ujira wake. Lakini ujira ule uliishia kwenye keki. Kilichofuata hakikulipiwa na mtu. "Mwanangu alisoma risala akitazama kiti kitupu, na mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja. Ninyi mlipatana siku ile, mimi nikagombana na wangu. Mtoto akiitwa Veneranda, nitamleta Editha hapa, nimwonyeshe nilikuwa wapi."

Watu wakaitikia, kweli. Lakini Shangazi akauliza, mpiga video gani anaacha mkoba wenye kazi ya watu juu ya jamvi la wageni?

Nkwabi hakutaka kusema. Wakamsukuma. Bega lake lilikuwa limeunga vibaya. Mkono wa kushoto haupiti kichwa hadi leo. Akasema kwa ajili yake mwenyewe haombi kitu. Lakini mama yake aliitwa Nshoma, alimwacha mdogo, na yeye hana dada wala binti wa kulibeba jina hilo. "Kama mtaona nilifanya kitu," akasema, "aitwe Nshoma. Nisikie mtu anamwita mama yangu."

Watu wengi walifuta macho. Hapo Mihayo akasimama, baba wa mtoto. Akasema hamchukii Nkwabi, na anamshukuru. Lakini pikipiki ilichukuliwa bila ruhusa, ikarudi imepinda, na hilo amelisamehe. Lisilo jepesi ni hili: mwanamume aliyemtaka mke wake kabla yake, leo amwite binti yake mama? Akaketi, na hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyemuunga mkono.

Mwenye busara mmoja akatoa shauri mtoto apewe majina yote matatu. Bibi Nyamizi alicheka kitini pake. Akasema mtoto si punda wa kubebeshwa mizigo mitatu; la kurithi ni moja, lile atakaloitwa akilia. Wakamwambia basi achague yeye, kwani neno lilikuwa lake. Akakataa. Alisema yeye ndiye aliyelificha neno miaka yote ile, na mficha kitu hamchagui aliyekileta.

Basi macho yote yakamgeukia Kalunde. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani, anamhemea shingoni. Akamtazama Shangazi, akakumbuka kanga usoni nyuma ya nyumba. Akamtazama Veneranda, akakumbuka machozi nyuma ya kamera isiyotikisika. Akamtazama Nkwabi na mkono wake usioinuka. Akamtazama mume wake. Akayajaribu majina yote kimoyomoyo, Kashindye, Veneranda, Nshoma, na kila moja lilimkaa mtoto vizuri.

Mtoto ameamka, analia, na mama yake hana jina la kumbembelezea. Haya, nyinyi mliokaa mkanisikiliza, mmoja alimtoa ng'ombe, mmoja alilikamata neno, mmoja alilirudisha. Kati yao, nani anastahili mtoto aitwe kwa jina lake? Na utawaambiaje wale uliowanyima?